Aliyetufungia Tanga la Tufani

Kuna siku moja inayonirudia, mwanangu, hata nikiwa nimekaa nachambua maharage bila kuwaza lolote. Siku hiyo mwanaume mmoja mwenye bunduki aliingia ndani ya Ziwa Kivu mpaka maji yakamfika kifuani, akatufungia tanga letu lililokuwa limefungwa vibaya, akamsalimia bibi yetu kwa heshima, akatusukuma tuondoke. Kisha akarudi ufukoni, akapiga goti, akatulenga, akafyatua.

Ni mtu yuleyule. Nilikuwa namtazama wakati wote. Nimelieleza jambo hili miaka mingi, na bado nikifika hapo nalazimika kurudi nyuma. Kwa hiyo keti vizuri nikueleze tangu mwanzo, kwa utaratibu, kwa sababu habari ya namna hii ikielezwa ovyo inageuka kuwa uongo, na uongo wa vita unaua watu ambao hata hawakuwepo.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita, vita vya kwanza, wakati Bukavu inaanguka mikononi mwa waasi. Tulikaa Muhumba, chini karibu na maji: mimi, maman yangu, na mama yake maman ambaye sote tulimwita Koko. Papa alikuwa amefariki zamani. Mimi nilikuwa nafundisha sekondari, mtu mzima tayari, bila mume. Makombora yalikuwa yanatoka ng'ambo ya mto Ruzizi, nchi ya jirani, na kila moja likianguka, vikombe vilitetemeka kabatini kama meno ya mtu mwenye homa. Juu barabarani watu walikuwa wanakwenda: Bagira, halafu Miti, halafu Kavumu, na baada ya hapo hakuna aliyejua. Godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni. Hawakupiga kelele. Hilo lilinishtua kuliko makombora. Mji mzima unatembea, na unasikia viatu tu.

Koko hakuweza kutembea. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa miaka, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha jikoni. Shauri letu lote lilikuwa hilo, mwanangu. Hatukuwa na mali ya kuokoa. Tulikuwa na Koko.

Jirani zetu walikuwa na mzee wa namna hiyo. Walimwachia ndoo ya maji, mkate, na ufunguo wa mlango, wakamwambia wanarudi. Nilimwona kupitia dirishani kwao, amevaa koti lake la Jumapili, ameketi wima kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Maman alimwona pia. Aliondoka dirishani, akaanza kufunga nguo za Koko ndani ya kitenge, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hatamwachia mama yake ufunguo.

Ndipo Tonton Cirhuza alipofika. Tonton alikuwa mdogo wake maman, karani wa ofisi, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni hata siku ile. Mkubwa wake wa kazi, mgeni mmoja aliyekaa miaka mingi Bukavu, alikuwa ameondoka kwa ndege ya kwanza, akaacha nyumba, mbwa, na boti. Boti zote zenye mota zilikuwa zimechukuliwa na askari waliokuwa wanakimbia. Hii waliiacha kwa kuwa haikuwa na mota. Ilikuwa ndogo, ya mbao, yenye mlingoti na matanga, chombo cha starehe za Jumapili. Wapita njia waliicheka hata katika hali ile. Koko, alipoonyeshwa kutoka barazani, alimtazama mwanawe, akamwuliza:

"Cirhuza, njo vile tutaenda Idjwi ndani ya sahani ya sabuni?"

Idjwi ni kisiwa alichozaliwa Koko, na ndugu zake walikuwa bado kule. Tonton alisema ndiyo, ndani ya sahani hiyohiyo, na kwamba upepo wa kusini ungetupeleka wenyewe.

Sasa nikueleze kuhusu matanga, kwa sababu bila hayo hutaelewa. Boti ile ilikuwa na tanga kubwa nyuma ya mlingoti na jingine mbele, ambalo Tonton aliliita foki, kama alivyoliita mkubwa wake. Lakini ndani ya mfuko wa turubai kulikuwa na tanga la tatu, dogo, zito, la pembe tatu, rangi ya machungwa. Hilo ni la tufani. Upepo ukichafuka unashusha yale mengine, unapandisha hilo dogo peke yake kwenye waya wa mbele, na boti inaendelea kwenda bila kupinduka. Tonton alikuwa ameendesha boti ile Jumapili nyingi pamoja na mkubwa wake. Lakini siku za upepo mbaya mkubwa alilifunga lile dogo mwenyewe, Tonton akishika usukani. Naye mkubwa, kwa kuwa pembe za tanga lile zinakaribia kufanana, alikuwa ameandika kwa wino kwenye kila pembe: juu, chini, na ile ya kamba ya kuvutia.

Tonton aliliacha tanga lile kwetu asubuhi, akaenda kuteka maji ya safari na kuangalia boti. Alisema Koko atalazwa juu yake mpaka litakapohitajika, kwa kuwa lilikuwa zito na lingezuia ubaridi wa mbao.

Maman alilifungua. Panya walikuwa wamekaa ndani ya mfuko ule, na harufu ilijaza sebule. Unawajua wanawake wa Bukavu, mwanangu. Makombora yanaanguka, lakini mama yake mzazi hatalala juu ya kitu kinachonuka mkojo wa panya, aonekane hivyo mbele ya ndugu zake wa Idjwi. Alilifua kwa sabuni ya kipande. Alilisugua pembe kwa pembe kwa brashi, na palipokuwa na madoa meusi alisugua zaidi. Akalianika ukutani. Na kwa kuwa lilikuwa bado na unyevu na muda ulikuwa unakwenda, aliwasha pasi ya makaa, akalipiga pasi.

Pasi ilishika. Kitambaa kile hakikuwa pamba. Kiliyeyuka mahali pamoja, shimo la ukubwa wa kiganja. Hakulia. Alichukua kipande cha kitenge, akakishonea hapo, kushona kuzuri kabisa. Tonton aliporudi, alilikuta tanga la tufani limekunjwa kama shuka la hoteli, safi, linanukia sabuni, lina kiraka cha maua ya bluu. Alilikunjua. Aliangalia pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Dada," akasema, "umefua na maandishi."

Maman alimjibu kwamba alidhani ni madoa. Tonton alifungua kinywa, akamtazama Koko aliyekuwa tayari amevaa na kufunga kilemba, akakifunga tena. Alisema anakumbuka. Akarudia mara nyingine, polepole, kwamba anakumbuka.

Tuliondoka mchana. Tonton alimbeba Koko mgongoni mpaka majini, Koko akilalamika kwamba anabebwa kama gunia la mihogo na bila adabu. Tulimlaza katikati ya boti juu ya tanga lile la machungwa, maman akakaa kichwani kwake. Mimi nilikaa nyuma karibu na Tonton, nikishika kamba aliyoniambia nishike. Ufuko wa Muhumba ukatuacha. Kwa mbali niliona moshi upande wa mjini, na juu ya barabara ya Bagira ule mstari wa watu, mwembamba, haukatiki.

Mwanzo ziwa lilikuwa jema. Kisha mawingu yakashuka kutoka milimani upande wa kusini, na unajua ziwa letu wakati wa mvua: linabadilika kabla hujamaliza sentensi. Maji yakawa meusi. Boti ikalala ubavu, maji yakaingia, Koko akalowa hadi kiunoni. Tonton alishusha tanga kubwa kwa kulikumbatia na mwili mzima, akaielekeza boti kwenye kighuba kidogo kupita Bagira, mahali pa mawe na migomba, ili tulifunge lile la tufani kwenye maji yaliyotulia kidogo.

Tulimsogeza Koko, tukalivuta tanga kutoka chini yake. Tonton akaenda mbele, akashusha foki, akafunga vishikizo vya lile dogo kwenye waya, akapandisha. Lilipanda, lakini halikushika upepo. Lilipiga huku na huku kama kuku aliyefungwa miguu, na kamba ya kulivuta ilikuwa juu mno, ikichapa hewani. Tonton akalishusha, akalipandisha tena vilevile. Yule mtu wa ofisi, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikuwa anageuza pembe moja na nyingine mbele ya macho yake kama anasoma lugha ya kigeni.

Ndipo sauti ikatoka kwenye migomba.

"Mmelipandisha kichwa chini! Mnataka kufa?"

Alikuwa amesimama juu ya mawe, bunduki ikituelekea. Nilimtazama kwa makini, kama nilivyojizoeza kuwatazama wanafunzi siku ya mtihani. Umri wake ulikuwa wa kijana aliyekomaa. Koti lilikuwa la jeshi la serikali. Miguuni alivaa bote za mpira kama zile tulizoambiwa zinavaliwa na wale waasi waliokuwa wanaingia. Kiswahili chake hakikuwa chetu. Hakusema "mutu" wala "iko". Alisema kama watu wa mbali, upande wa bahari, au kama wale wafanyabiashara Waislamu wa Uvira ambao babu zao walitoka huko.

Tonton aliinua mikono. Akamwita chef, kama tunavyowaita askari, akamwomba samahani, akamweleza kwamba tunampeleka mama mgonjwa. Macho ya yule mtu yalikuwa kwenye tanga. Alikuwa na uso wa mtu anayeona mtoto anakula kwa mkono wa kushoto. Alishuka kwenye mawe, akaingia majini na bote zake, maji yakampanda kiunoni, kifuani, bunduki ameinua juu ya kichwa.

Alipofika kwenye boti alihitaji mikono miwili. Basi akaiweka bunduki ndani ya boti, karibu na miguu ya Koko. Akatugeuzia mgongo, akaanza kufungua vishikizo vya Tonton.

Mwanangu, fikiria hilo. Bunduki iko mbele yetu. Mwenyewe hatutazami. Ningenyosha mkono tu, ningeifikia. Tonton aliitazama, kisha akanitazama mimi, na niliona wazo linampita usoni kama kivuli cha ndege. Maman alifunika pua na kinywa kwa kiganja chake. Hapo Koko, aliyekuwa amelala amelowa maji, alinyosha mguu wake uliovimba, akauweka juu ya bunduki ile. Akasema kwa lugha yake ya Kihavu, taratibu, kwamba kitu cha mwenyewe kisiguswe.

Yule mtu alifanya kazi haraka. Aligeuza pembe iliyokuwa juu ikawa chini, akaipapasa ile iliyobaki kwa vidole kuona unene wa mshono, akaniambia nimpe kamba ya kuvutia, ambayo aliiita demani, neno ambalo sikuwahi kulisikia. Alifunga fundo kwa mkono mmoja. Alipofika kwenye kiraka cha maua ya bluu alisimama.

"Nani kashona hapa?"

Maman alisema ni yeye.

"Kazi nzuri," akasema. Ndiyo hivyo tu. Katikati ya vita.

Alipandisha tanga. Likajaa mara moja, gumu, bila kelele, na boti ikaanza kuvuta kama mbwa anayetaka kwenda. Aliishikilia kwa mkono, akamgeukia Koko kuchukua bunduki yake, na alipouona mguu ule juu yake akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Koko hakujua jibu la salamu hiyo, hatuitumii kwetu. Alimjibu kama alivyomjibu kila kijana aliyewahi kuingia jikoni kwake.

"Mutoto, ulikula?"

Alisema hajala. Koko akaondoa mguu, akatafuta ndani ya kitenge chake kilicholowa, akampa viazi vitamu vilivyochemshwa. Alivitia mfukoni. Wakati huohuo tukasikia sauti za watu juu kwenye migomba, wengi, wanashuka. Uso wake ulibadilika, mwanangu. Sijui niueleze vipi. Ulifungwa, kama duka linavyofungwa.

"Nendeni," akasema chini ya pumzi. "Msigeuke."

Akaisukuma boti kwa nguvu zake zote. Tonton alishika usukani, mimi nikashika ile kamba. Lakini mimi niligeuka. Nilimwona anatoka majini, bote zimejaa maji, anapanda kwenye mawe. Akapaza sauti nyingine kabisa, ya ukali, akituamuru tusimame. Akapiga goti. Nilimwona anaegemeza shavu kwenye bunduki. Nilimwona analenga, bila haraka. Kisha akafyatua.

Risasi ilipita juu ya kichwa cha Tonton, ikatoboa tanga la machungwa, shimo dogo safi karibu na kiraka cha maman. Tanga halikuchanika. Boti haikusimama. Tukapita nyuma ya rasi, mawe yakamficha yeye na kighuba kizima, na ziwa likatuchukua kuelekea kaskazini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona tena. Nilikuwa nashika kamba ile kwa mikono miwili.

Tulifika Idjwi kabla ya giza. Ndugu za Koko walimbeba kwa machela mpaka nyumbani, safi, ananukia sabuni na maji ya ziwa. Aliishi kule miaka mingine, akafa kitandani kwake, akazikwa na watu wake. Lile tulilokwenda kulifanya tulilifanya, namshukuru Mungu.

Lakini jioni ile ufukoni watu walitukusanyikia. Walikuwa wameliona tundu kwenye tanga. Walitaka kujua jambo moja tu: ni akina nani waliotupiga? Ni wale wa serikali au wale wanaoingia? Ni wa kabila gani? Usisahau kwamba kwenye vilima vile waliishi majirani wa kila aina, na jibu letu lingepanda nao usiku huohuo, nyumba kwa nyumba. Tonton alianza kutaja bote, akaeleza sura, pua, urefu, na nilisikia kila neno linazidi kidogo kile tulichokiona. Maman alimkatiza, akasema hapana, koti lilikuwa la serikali, na kwamba askari wetu wenyewe ndio wezi. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakiunga mkono huku, wengine kule.

Koko, kutoka kwenye machela, aliwaomba waliombeba wasimame. Hakupaza sauti.

"Cirhuza, alikuambia jina lake?"

Tonton akasema hapana.

"Alikuambia ametoka wapi?"

Hapana.

"Basi sema hivi: mutu alitufungia tanga, mutu alitupiga risasi. Wacha hapo. Usiweke mutu mwingine ndani ya bote zake."

Tonton aligeuka, akaenda kuifunga boti. Watu walingoja kidogo, wakaona hakuna zaidi, wakatawanyika. Sijawahi kusikia karipio fupi kama hilo, na sijawahi kuona karipio linalookoa watu wengi namna hiyo bila wao kujua.

Sasa maneno yangu kwako ni haya, mwanangu. Kila unachokitegemea siku ya upepo mbaya, kifunge kwanza siku ya utulivu, kwa mikono yako mwenyewe, mpaka ujue pembe ya juu bila maandishi. Usisubiri kighuba na mawimbi. Na anayekupenda akikuharibia jambo kwa upendo wake, mfanyie kama Tonton alivyomfanyia maman: funga kinywa, beba mzee, endelea na safari.

Lakini zito zaidi ni hili. Utaulizwa mara nyingi katika nchi hii ni nani alifanya nini, na watakaokuuliza watakuwa tayari wana jibu, wanatafuta kinywa chako tu cha kulipitishia. Sema ulichoona. Kikiwa hakilingani, kiseme hivyohivyo kisivyolingana: alitusaidia, alitupiga. Na ukifika mwisho wa ulichoona, nyamaza, hata kama ukimya huo unakuwasha.

Tonton alikufa akiamini kwamba yule mtu alilenga juu kwa makusudi, ili wenzake wasikie bunduki na sisi tuishi. Maman mpaka leo anasema ni wimbi lililotushusha. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama, na siwezi kuamua kati yao.

Mungu akupe upepo wa nyuma, mwanangu. Akupe watu wa kukubeba siku miguu yako itakapokataa. Akulinde na kila anayekulenga, na amlinde naye pia asifanye alilolenga.

Na kwa kuwa nimekuambia useme vyote ulivyoona na kusikia, na mimi sitakuficha hiki. Tulipokuwa tumekwisha kupita rasi, na kighuba hakionekani tena, tulisikia risasi ya pili. Moja tu. Haikuja upande wetu. Koko alifumba macho. Sijui nani aliifyatua, na sijui ilimpata nani.